Saa ya Mkononi na Moyo wa Mpanda Mlima: Kutumia Saa za GPS na Vipima Mapigo katika Usambara

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi. Mombo iko kwenye tambarare, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kila apandaye kwa miguu au kwa baiskeli kupitia Soni huinuka mita elfu moja kabla ya kuliona soko la Lushoto. Wenyeji wa milima hii hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Mkulima anayebeba kabichi au viazi kutoka bondeni hadi barabarani ameufanyisha moyo wake kazi tangu utotoni, bila kifaa chochote cha kumhesabia.

Siku hizi, hata hivyo, wapo watu wanaovaa saa zinazohesabu umbali, mwendo na mapigo ya moyo: vijana wanaojiandaa kwa mbio ndefu, watumishi wa ofisi, wageni wanaotembea katika msitu wa Magamba, na wagonjwa wa shinikizo la juu la damu au kisukari walioshauriwa kufanya mazoezi. Baadhi yao hufika kliniki na namba hizo na kuuliza zina maana gani. Swali hilo linastahili jibu la makini, kwa kuwa namba isiyoeleweka huweza kumdhuru mtu kwa njia mbili: kumtia hofu aliye mzima akaacha mazoezi, au kumtuliza aliye mgonjwa akachelewa kutafuta tiba. Makala haya yanaeleza jinsi vifaa hivi vinavyofanya kazi, mahali vinapokosea, hasa milimani, na namna ambavyo mhudumu wa afya na mgonjwa wanaweza kuvitumia kwa manufaa.

Saa hujuaje mahali ulipo?

GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani zinazoizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti hutuma ishara ya redio yenye saa kamili ya kutumwa kwake. Kifaa cha mkononi hupima muda ambao ishara hiyo imetumia safarini, na kwa kuzisikia setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali kilipo. Hadi tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa ishara walizopewa raia. Baada ya zuio hilo kuondolewa, saa za wakimbiaji zikawezekana. Saa nyingi za sasa husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China, na hilo huzisaidia sana mahali penye anga finyu.

Anga la Usambara ni finyu mara nyingi. Ukungu na mawingu, ambayo wengi huyalaumu, hayazuii ishara hizi. Kinachozizuia ni kuta za mabonde na msitu mzito. Chini ya miti mikubwa ya Magamba ishara hudhoofika, na nyingine hugonga mwamba kwanza ndipo ziifikie saa, zikiwa zimechelewa. Saa hudhani mvaaji yuko mita kadhaa kando ya njia, kisha humrudisha, kisha humpeleka upande wa pili. Michepuko hiyo ya uongo ikijumlishwa, umbali huongezeka kuliko ule halisi.

Kwenye barabara yenye kona kali, kosa huwa kinyume chake. Ili kutunza betri, baadhi ya saa hurekodi mahali mara moja kila baada ya sekunde kadhaa. Mtu anayezunguka kona za Soni huunganishiwa nukta kwa mstari ulionyooka, kona zikakatwa, na umbali ukapungua. Anayefanya mazoezi milimani aiweke saa yake irekodi kila sekunde, na asimame mahali peupe kwa dakika moja au mbili kabla ya kuanza, ili saa izipate setilaiti za kutosha.

Kipimo cha kimo ni dhaifu zaidi kuliko kipimo cha mahali. Saa zenye kihisi cha mgandamizo wa hewa hufanya vizuri zaidi, lakini hata hizo hubabaishwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Mvua ikikaribia na mgandamizo ukashuka, saa huweza kudhani kwamba mvaaji amepanda kilima, ingawa ameketi barazani.

Saa husikiaje moyo?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mkanda wa kifuani. Mkanda huu una vipande vinavyogusa ngozi na kunasa umeme mdogo unaozalishwa na moyo kila unapopiga, kwa msingi uleule wa kipimo cha ECG cha hospitalini. Kampuni ya Polar, iliyoanzishwa Finland mwaka 1977, ndiyo iliyoleta sokoni vipima mapigo vya kwanza visivyotumia waya mapema katika miaka ya 1980. Mkanda ukiloweshwa maji kidogo na kubana vyema, usahihi wake huwa mkubwa hata mtu anapokimbia.

Ya pili ni mwanga. Nyuma ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi za kijani, zinazomulika ngozi. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu huongezeka katika mishipa midogo ya mkono na mwanga unaorudi hupungua; kati ya pigo na pigo, mwanga huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko. Njia hii haina usumbufu wa mkanda, ila ina maadui watatu ambao mkazi wa Lushoto atakutana nao.

Adui wa kwanza ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai, mishipa ya ngozi hujikunyata ili kuhifadhi joto, na damu inayofika chini ya saa huwa kidogo. Kwa dakika kumi za mwanzo, namba zinaweza kuwa za kubahatisha. Adui wa pili ni mkunjo wa kifundo cha mkono na mshiko wa nguvu: anayeshika jembe, usukani wa baiskeli au fimbo ya kutembelea hubadilisha mtiririko wa damu mahali hapohapo panapopimwa. Adui wa tatu ni hatua za mvaaji mwenyewe. Mkimbiaji hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na mtikisiko wa kila hatua huisukuma damu ya mkononi. Saa huweza kuzishika hatua hizo ikidhani ni moyo. Mtu anayeteremka taratibu huku akizungumza bila shida, lakini saa yake inaonyesha 172, asiogope moyo. Kwanza aikaze saa, aisogeze juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa kidole kimoja, kisha ahesabu mapigo kwa vidole.

Rangi ya ngozi nayo huulizwa sana, na kwa haki. Melanini hunyonya mwanga. Kwa mapigo ya moyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 haukuona tofauti kubwa kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Kilichovuruga vipimo zaidi kilikuwa mwendo wa mwili. Kwa kiwango cha oksijeni katika damu hali ni tofauti. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba vipima oksijeni vya kidoleni viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali hukosea hivyo, namba ya oksijeni inayotolewa na saa isitumiwe kamwe kumnyima mtu rufaa.

Mlima na hewa yake

Katika kimo cha Lushoto, mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 85 ya ule wa Tanga mjini. Kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15. Ndiyo sababu pia maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, na maharage huchukua muda mrefu zaidi jikoni. Mwili wenye afya hufidia upungufu huo kwa kupumua zaidi na kwa moyo kuongeza kasi. Mgeni aliyetoka pwani ataona mapigo machache ya ziada kwa mwendo uleule katika siku za mwanzo. Hilo si ugonjwa.

Jambo kubwa zaidi ni mwinuko wenyewe. Mkimbiaji anayetumia dakika 6 kwa kilomita kwenye tambarare za Mombo anaweza kutumia 9 au 10 kwenye miinuko ya juu ya Soni, na moyo wake ukafanya kazi ileile au zaidi. Akiushikilia mwendo wa tambarare kwa sababu ndio uliopangwa kwenye saa, atakuwa amefanya mazoezi makali kupita kiasi bila kukusudia. Kanuni ya mlimani ni hii: katika kupanda, fuata moyo na uusahau mwendo.

Hata hivyo moyo nao una ucheleweshaji wake. Mwanzoni mwa kilima, mapigo huchukua nusu dakika au zaidi kupanda hadi yalingane na kazi. Anayesubiri saa imwambie apunguze, kwenye kilima kifupi ataambiwa akiwa tayari kileleni. Aidha, mazoezi yanapodumu zaidi ya saa moja, joto na upungufu wa maji mwilini hupandisha mapigo polepole hata mwendo usipobadilika.

Kuteremka kuna hila yake. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mtu anaposhuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, moyo hupumzika na saa huonyesha namba za kupendeza, kana kwamba hakuna kazi inayofanyika. Wakati huohuo misuli ya mapaja hujizuia huku ikivutwa, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogo za misuli. Maumivu huja kesho yake na hufikia kilele baada ya siku moja hadi tatu. Magoti ya wazee hulipa gharama hiyo mapema zaidi. Saa haioni lolote kati ya hayo.

Kukokotoa kiwango cha mazoezi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Ushauri huu unawahusu pia wenye shinikizo la juu la damu na kisukari cha aina ya pili. Kulima, kubeba maji na kutembea kwenda sokoni huhesabiwa.

Mazoezi ya wastani ni yale yanayofikisha moyo asilimia 64 hadi 76 ya kasi yake ya juu kabisa. Saa nyingi hukadiria kasi hiyo ya juu kwa kutoa umri kutoka 220. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001, ambayo huwafaa zaidi watu wa makamo na wazee, ni 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 50. Umri wake ukizidishwa kwa 0.7 ni 35. 208 kutoa 35 ni 173. Asilimia 64 ya 173 ni 111, na asilimia 76 ni 131. Kwa hiyo akitembea kwa haraka kuelekea Irente huku moyo wake ukiwa kati ya 111 na 131, yumo katika kiwango cha wastani.

Hesabu hii ina mipaka. Ni wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10, na wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana namba ya saa ilinganishwe na kipimo cha mazungumzo. Katika mazoezi ya wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Katika mazoezi makali hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Vipimo viwili vikipingana, pumzi iaminiwe kabla ya saa.

Mgonjwa anapovaa saa

Tumrudie yule mwanamume wa miaka 50, lakini safari hii anatumia atenolol kwa ajili ya shinikizo la damu. Atenolol, propranolol, bisoprolol na dawa nyingine za kundi hilo hupunguza kasi ya moyo wakati wa mapumziko na wakati wa kazi. Moyo wake unaweza kukataa kuvuka 105 hata akipanda kilima huku akitweta. Saa, isiyojua lolote kuhusu dawa, itamwambia kwamba bado hajafika kiwango cha wastani na kumhimiza aongeze bidii. Akiitii, atajisukuma katika mazoezi makali ambayo hakuna aliyemwandikia. Kwa mgonjwa wa namna hii kanuni za umri zisitumike kabisa. Kipimo chake kiwe mazungumzo, au kipimo cha Borg, ambacho mtu hukadiria mwenyewe ugumu wa kazi kwa namba kuanzia 6 hadi 20. Kiwango cha wastani ni 12 na 13.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide ana hatari nyingine. Sukari ikishuka, moyo hupiga kwa kasi, mikono hutetemeka na jasho hutoka, dalili ambazo ni rahisi kuzichanganya na uchovu wa kupanda mlima. Kama anatumia pia dawa za kupunguza kasi ya moyo, mbio za moyo na mtetemeko huweza kufichwa na kubaki jasho pekee. Abebe sukari, peremende au soda ya kawaida, asitembee peke yake njia za mbali, na ajue kwamba mapigo yaliyotulia kwenye saa hayathibitishi kwamba sukari iko salama.

Mjamzito ataona mapigo yake ya mapumziko yamepanda kwa 10 hadi 20 kuliko kawaida yake. Hayo ni mabadiliko ya kawaida ya ujauzito, na kwake pia kipimo cha mazungumzo ndicho kinachofaa.

Yale ambayo saa haiyajui

Hakuna namba ya mapigo inayoeleza shinikizo la damu. Mtu anaweza kuwa na mapigo 68 na shinikizo la 190/115 kwa wakati mmoja. Mwenye shinikizo la 180/110 au zaidi atibiwe kwanza. Mazoezi makali yasubiri.

Kalori zinazoonyeshwa zichukuliwe kama makisio ya mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa saba mwaka 2017 kwa watu 60. Vifaa sita kati ya saba vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini katika kalori kifaa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Mgonjwa asipunguze wala asiongeze chakula au insulini kwa kufuata namba hiyo.

Baadhi ya saa hutoa tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2019, watu 419,297 walivaa saa na 2,161 kati yao walipata tahadhari. Kwa 450 waliovaa baadaye kiraka cha ECG na kukirudisha, asilimia 34 walionekana kuwa na hitilafu ya mapigo ya vyumba vya juu vya moyo. Kutoonekana kwake kwa waliobaki hakuthibitishi kwamba saa ilidanganya, kwa kuwa hitilafu hii huja na kuondoka. Tahadhari hiyo isipuuzwe, kwani hitilafu hii huongeza hatari ya kiharusi, na katika nchi zetu hupatikana hata kwa vijana ambao vali za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa akileta saa yake, maswali matano hutosha kuanzia:

1. Namba hii ilitokea ukiwa unafanya nini: umelala, unapanda, unateremka, au umetoka kunywa kahawa?
2. Ulijisikiaje wakati huo?
3. Unatumia dawa gani?
4. Una homa, unaharisha, unavuja damu, au una ujauzito?
5. Ni mara ya kwanza, au imejirudia?

Kisha shika mkono wa mgonjwa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe kwa mbili. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Kumbuka kwamba homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, na kwamba upungufu wa damu na wa maji mwilini huharakisha moyo. Kwa upande mwingine, mkimbiaji mwenye mapigo 45 akiwa amepumzika na asiye na dalili yoyote huenda ana moyo wenye mazoezi mazuri. Mwenye mapigo hayohayo lakini anazimia, huyo apewe rufaa.

Rufaa ya haraka itolewe, saa iseme lisemalo, kwa mwenye maumivu au uzito kifuani, anayezimia au kukaribia kuzimia wakati wa mazoezi, anayekosa pumzi akiwa amekaa, au mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amepumzika bila sababu iliyo wazi.

Asiye na saa

Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hapakuwa na saa za namna hii mkononi mwa mwanariadha yeyote. Vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, upande wa kidole gumba, na saa yoyote yenye mshale wa sekunde vinatosha. Hesabu mara tu unaposimama, kwa sekunde 15, na uzidishe kwa nne. Ukichelewa, moyo utakuwa umeanza kutulia.

Kipimo kingine kizuri hakina gharama yoyote. Chagua njia moja, kwa mfano kutoka nyumbani hadi zahanati, na uitembee kila wiki kwa mwendo uleule. Andika mapigo yako ufikapo. Yakipungua mwezi hadi mwezi, moyo wako unaimarika. Yakiongezeka bila sababu kwa wiki mbili mfululizo, mwone mhudumu wa afya na umpelekee daftari hilo. Hata mwenye saa ya bei kubwa atafaidika zaidi kwa kuifuata njia hiyohiyo moja, kwa kuwa makosa ya kifaa hubaki karibu yaleyale na mabadiliko ya mwili huonekana.

Hitimisho

Saa ya GPS na kipima mapigo ni mashahidi wazuri wanapoulizwa mambo waliyoyaona. Waliona mwanga ukirudi kutoka kwenye ngozi na ishara zikishuka kutoka angani. Hawakuona dawa, homa, shinikizo la damu wala goti linalouma. Mgonjwa aivae saa yake na kuendelea kutembea, kwa kuwa faida ya mazoezi ni kubwa kuliko makosa ya kifaa. Mhudumu wa afya naye asiidharau namba anayoletewa, wala asiiandike kwenye kadi ya mgonjwa kabla ya kuushika mkono ulioivaa.